Gemu ya kwanza itoshe kwenye flashi



Kila tunapofungua kundi jipya la kompyuta, kuna kijana mmoja anabaki nyuma wengine wakitoka. Anajifanya anapanga viti. Halafu swali linakuja: "Mwalimu, mi nataka kutengeneza gemu kama ya Mario. Nianze na injini gani?" Nami humjibu kwa swali: "Uko na nini?" Anacheka, anadhani namtania. Sitanii. Nataka kujua kama ana laptopu yake au anategemea za kituo, kama ana flashi, kama nyumbani kuna sola, kama alisoma kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, na kama mwaka kesho atakuwa bado hapa. Hilo la mwisho hakuna kati yetu anayeweza kulijibu, lakini ndilo zito kuliko yote.

Katika kurasa hizi tumezoea kuhukumu vitabu, nyimbo na maigizo. Leo naomba nafasi nihukumu vifaa. Maana kifaa nacho kimetengenezwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na picha kichwani ya yule atakayekitumia. Ukikaa nacho wiki mbili, ile picha unaiona. Huyu alidhani una intaneti usiku na mchana. Yule alidhani una kadi ya benki. Mwingine alidhani wewe ni mtoto, na mwingine alidhani wewe ni kampuni.

Mi naishi Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Nafundisha kwenye chumba chenye laptopu sita za msaada, RAM gigabaiti 4 kila moja, betri zimechoka. Umeme ni wa sola, na mvua ikikaa siku mbili mfululizo hatuna darasa. Hukumu yangu imetoka ndani ya chumba kile. Mwenye hali nyingine apime mwenyewe.

Gemu iliyopotea

Nianze na kosa langu, ili usidhani nimezaliwa nikijua.

Kundi la kwanza nililofundisha, nililipeleka kwenye chombo kimoja cha mtandaoni, kile ambacho unatengeneza gemu ndani ya brauza bila kusakinisha kitu. Jina lake nitaliacha. Kilikuwa kizuri sana machoni. Nikajiambia: laptopu zetu ni dhaifu, basi kazi yote ifanyike kule mbali. Akaunti tulifungua kwa barua pepe ya mtu mmoja wa kujitolea, kwa sababu vijana wengi hawakuwa na barua pepe wala laini ya simu kwa majina yao.

Katika kundi lile kulikuwa na kijana Mrundi wa miaka 16. Gemu yake ilikuwa hivi: mtu amebeba jerikeni ya njano, anapanda mlima kurudi nyumbani. Akianguka, maji yanamwagika kidogo. Ukifika juu, unahesabiwa maji yaliyobaki, siyo pointi. Hakuna adui hata mmoja. Mi nimecheza gemu nyingi, na hiyo ilinifanya nisimame. Alichora kila hatua kwanza kwenye daftari la hesabu, lile la mirabaraba, halafu akaihamishia kwenye skrini. Miezi mitatu.

Halafu familia yake ikapata safari. Si unajua mambo yetu: unangoja miaka, halafu unaambiwa wiki ijayo. Jioni ya mwisho akaja na flashi mkononi. "Mwalimu, niwekee gemu yangu humu." Nikafungua. Yule mtu wa kujitolea alikuwa ameshaondoka, nywila imebadilika, na hata tulipompata kwa simu, chombo kikatuambia kutoa faili nzima ni kwa anayelipa, na kulipa ni kwa kadi. Kijana akaniuliza, "Sasa minabaki na nini?" Alibaki na daftari.

Mwezi uliopita ameniandikia kutoka huko aliko. Anataka kuanza tena, na anauliza atumie nini. Nikaanza kumjibu kwa WhatsApp, jibu likawa refu, nikaona wengine nao wana swali hilo hilo. Ndiyo maana nimelileta huku.

Basi kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, kazi yangu itatoka humu nikiondoka? Faili iko wapi, na nani ameshika ufunguo? Kipimo cha pili: je, nitaweza kumaliza gemu moja ndogo kwa umeme na mega nilizo nazo? Cha tatu: je, nikimaliza, nitakuwa nimeelewa kwa nini mtu wangu anaruka?

Hilo la tatu linahitaji maelezo. Injini ya gemu ni programu ya kutengenezea gemu: inashughulikia picha, sauti, migongano, vitufe, saa, ili wewe usianze kutoka sifuri. Na gemu ya majukwaa, hii tunayoiita tu gemu ya Mario, moyo wake ni kuruka. Super Mario Bros. ya 1985 imebaki mikononi mwa watu kwa sababu ya ule mruko: ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anapanda zaidi. Kwa hiyo ukitaka kuijua injini, usitazame matangazo yake. Tazama inakupaje mruko.

Scratch: unajenga mruko kwa mikono yako

Scratch ilitolewa 2007 na kundi la Mitchel Resnick kule MIT, Marekani. Ilikusudiwa watoto, na vijana wa miaka 18 wakiiona wanakunja uso: paka wa rangi ya chungwa, matofali ya rangi unayoyashikanisha. "Mwalimu, hii ni ya watoto." Nawaambia wakae kwanza.

Scratch haijui kuruka. Haina mvutano wa ardhi hata kidogo. Mtu ukimweka hewani anabaki hewani. Unaunda namba, unaiita mwendo. Akiwa chini na ukabonyeza kitufe, mwendo unakuwa 12. Kila mzunguko anapanda kwa namba hiyo, halafu namba inapungua 1. Kwa hiyo anapanda 12, kisha 11, kisha 10, mpaka sifuri, halafu namba inakuwa hasi na anaanza kushuka. Jumlisha kwa kalamu: 12 mpaka 1 ni 78. Ukumbi wote wa Scratch una urefu wa 360. Basi kijana anajua kabla ya kujaribu kwamba mruko wake haufiki hata robo ya skrini. Nimewaona watu wazima, akiwemo mama mmoja mshonaji, wakifurahi pale hesabu ya ubaoni ilipolingana na paka kwenye skrini.

Jambo jingine: lugha ya matofali unaweza kuigeuza iwe Kiswahili. Wadogo zetu wa Kivu huuliza maana ya maneno mawili matatu, lakini wanasoma wenyewe. Na kuna toleo la kuweka kwenye kompyuta linalofanya kazi bila intaneti, na kazi yako inahifadhiwa kama faili moja unayoichukua.

Kasoro zake? Zipo. Migongano unaitengeneza mwenyewe, kwa hiyo mtu anazama kwenye sakafu, anakwama ukutani, unatumia siku tatu kumtoa. Hakuna kamera ya kumfuata. Gemu ikizidi skrini moja, inabidi uusogeze ulimwengu wote huku yeye amesimama, na hapo wengi wanachoka. Na ile faili moja ni mfuko uliofungwa: umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, ikaharibika, unaweza kupoteza yote. Tumepoteza mbili hivyo. Sasa sheria ya chumba ni kwamba kila unapohifadhi unabadilisha namba mwishoni mwa jina: mlima1, mlima2, mlima3.

Scratch ilimwona mtumiaji wake kama mtoto, lakini mtoto mwenye akili. Hilo naliheshimu. Kumalizia gemu kubwa nayo ni mateso, ila kwa kuelewa mruko sijaona kinachoishinda.

GDevelop: unapewa mruko tayari

GDevelop imeanzishwa na Mfaransa, Florian Rival, na ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na hulipi kuitumia. Kwa waliosoma Kongo hili lina faida ya wazi: menyu zake unaziweka kwa Kifaransa. Kaka zangu waliofika hapa na diploma ya Bukavu au Uvira, ambao Kiingereza kinawatoa jasho, kwa mara ya kwanza hawakuniita kila dakika.

Huandiki msimbo. Unajaza jedwali: kushoto sharti, kulia tendo. Mtu akigusa sarafu, sarafu inafutika, pointi zinaongezeka. Na kwa gemu ya majukwaa, kazi ni nyepesi kupita kiasi: unamwambia huyu ni mhusika wa majukwaa, na lile tofali ni jukwaa. Bonyeza kucheza. Anatembea, anaruka, anaanguka. Dakika kumi. Ngazi zipo, majukwaa ya kupita kutoka chini yapo, hata kuning'inia ukingoni kupo.

Siku ya kwanza chumba kizima kilipiga kelele kwa furaha. Wiki ya tatu nikamwuliza kijana mmoja, "Kwa nini akiruka anarudi chini?" Akafikiri, akajibu, "Iko vile." Nilitazama masanduku yale ya namba, mvutano, kasi ya kuruka, mwendo wa juu, na nikaona alikuwa amebadilisha zote kwa kubahatisha mpaka ikapendeza. Si vibaya. Mpishi naye anaonja. Lakini siku mruko ukigoma, hana pa kuanzia.

Hapo lakini nijisahihishe, maana nilikuwa mkali kwake bure. Kijana yule alimaliza gemu. Ina hatua nne, ina mwanzo na mwisho, mdogo wake anaicheza. Wale waliojivunia kuelewa mvutano, nusu yao hawakumaliza kitu. Kama unachotaka ni kusimulia, na una hadithi inayokuchoma, GDevelop itakufikisha mapema kuliko zote. Toleo la kompyuta linafanya kazi bila intaneti na linahifadhi mradi kwenye folda yako, kwa maandishi ya kawaida. Ila jihadhari na vitufe vinavyokuomba ufungue akaunti: vingi unaweza kuviruka. Kutoa faili ya simu ya Android kwa njia yake rahisi ndiko kunakupitisha mtandaoni.

Godot: unapewa mruko unaosomeka

Sasa nifike kwenye ile ninayoipenda, na nitajaribu kutosema uongo kwa ajili ya mapenzi.

Godot ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na ilifunguliwa kuwa programu huria 2014. Jina limetoka kwenye tamthilia ya Samuel Beckett, ile ya watu wawili wanaomngoja mtu asiyefika. Nilipowaambia wanafunzi wangu hilo, chumba kilicheka kwa muda mrefu. Sisi kungoja hatufundishwi.

Kupakua ni chini ya megabaiti 100. Husakinishi kitu: unafungua ile faili ya zipu, unabonyeza, inafanya kazi. Haikuombi jina, barua pepe wala namba ya simu. Unaweza kuiweka kwenye flashi pamoja na mradi wako, ukatembea nayo kutoka Base Camp mpaka Juru, ukaichomeka kwenye laptopu ya mtu mwingine na kuendelea pale ulipoishia. Mradi wenyewe ni folda, na sehemu kubwa ya faili zake ni maandishi unayoweza kuyafungua hata kwa Notepad. Umeme ukikatika, kinachoharibika ni faili moja, si gemu nzima.

Na mruko? Ukimwekea mhusika wa aina ya CharacterBody2D skripti mpya, Godot inakupa kiolezo kifupi. Ndani yake kuna namba mbili: mwendo 300, na kasi ya kuruka -400. Mvutano wa kawaida ni 980. Yote unaisoma kwa mistari isiyojaza skrini: kama hayuko sakafuni, mvute chini, kama kitufe kimebonyezwa na yuko sakafuni, mpe kasi ya kuruka. Lugha yake, GDScript, inafanana na Python.

Aliyetoka Scratch atauliza kwa nini ni hasi. Ni kwa sababu hapa urefu unahesabiwa kutoka juu ya skrini kwenda chini, kama unavyosoma ukurasa. Kupanda ni kupunguza. Siku moja inatosha kuzoea.

Halafu hesabu. Binti mmoja wa kundi la pili alijenga ukuta wa matofali mawili, kila tofali pikseli 64, na mtu wake hakuuvuka. "Mwalimu, uyu mutu anakatala kuruka." Nikamwambia tusimlaumu, tumpime. Chukua 400, zidisha kwa 400, gawanya kwa mara mbili ya 980. Unapata kama 82. Ukuta wake ni 128. Mtu hakukataa, mlima ulimzidi. Tukajaribu -520: inafika kama 138. Akavuka. Binti yule hakuwahi kupenda fizikia, na sikumwambia kwamba ile ilikuwa fizikia mpaka wiki iliyofuata.

Yeye ndiye aliyegundua pia kwamba kiolezo hakina huruma. Ukichelewa kidogo tu kubonyeza, mguu umeshatoka ukingoni, haruki, anaanguka. Kwenye gemu nzuri, kama Celeste ya 2018, unasamehewa muda mfupi sana baada ya kutoka ukingoni. Mchezaji haoni, anahisi tu kwamba gemu inamtendea haki. Injini haikupi hilo, inabidi uliandike: hesabu muda tangu aache sakafu, na kama haujapita sekunde 0.1, mruhusu aruke. Tuliandika pamoja, mistari mitano. Akacheza, akasema, "Sasa inanisikia."

Basi kasoro, na hapana mchezo, zipo nzito.

Kwanza, Kiingereza. Menyu unaweza kuziweka kwa Kifaransa, lakini maneno ya GDScript ni ya Kiingereza, na makosa yanatokea kwa Kiingereza, mekundu, yanatisha.

Pili, matoleo. Godot 4 ilitoka Machi 2023 na kubadilisha majina mengi. Mhusika aliyeitwa KinematicBody2D akawa CharacterBody2D, na amri ya kumsogeza ikaandikwa kwa namna nyingine. Kijana anakopa video kwenye simu ya rafiki, ni ya Godot 3, anaandika kila herufi kama alivyoona, anapata mekundu matupu. Tulipoteza wiki mbili hivyo kabla sijaelewa. Kabla ya kutumia mega zako kwenye video yoyote, hakikisha namba ya toleo inalingana na yako.

Tatu, laptopu za zamani sana zinaishindwa Godot 4 hata ukichagua ile hali yake nyepesi. Mbili kati ya zetu zilikataa. Zile tunatumia Godot 3, ambayo bado inapatikana na bado ni nzuri, mradi usichanganye.

Nne, kuigeuza gemu kuwa programu ya kumpa mtu kunahitaji violezo vya ziada, vikubwa kuliko injini yenyewe mara kadhaa, na kwa Android unaongeza vifaa vingine juu. Kwa mega zetu hiyo ni safari. Dawa yetu: kwa gemu ya kwanza, usitoe kitu. Mpe rafiki injini na folda ya mradi kwa pamoja, abonyeze kucheza. Na kabla ya kunakili, futa folda ndogo iitwayo .godot, itajitengeneza upya yenyewe, na mzigo unapungua.

Unity, na hoja ya kaka mmoja

Kuna kaka mmoja hapa, tunaheshimiana, ambaye huniambia: "Unawapotezea vijana muda. Kazi ziko kwenye Unity." Sitaki kumpuuza, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Unity ni injini kubwa yenye historia tangu 2005, gemu nyingi za simu zimetengenezwa nayo, na gemu za majukwaa zinazosifiwa dunia nzima kama Hollow Knight na Cuphead, zote za 2017, zimetoka humo. Mafunzo yake hayana idadi. Anayetaka ajira ya gemu, siku moja atakutana nayo.

Lakini tazama picha ya mtumiaji iliyo ndani yake. Ni gigabaiti kadhaa. Inataka akaunti na leseni, hata ya bure. Kwenye laptopu ya RAM gigabaiti 4 unabonyeza kucheza, halafu unakwenda kunywa chai. Lugha yake, C#, ni nzuri, lakini mwanzoni inamwomba mtu aandike mambo mengi kabla hajaona kitu kikisogea.

Halafu kuna jambo la Septemba 2023. Kampuni ilitangaza kwamba ingeanza kutoza ada kwa kila mara gemu inaposakinishwa. Ni kweli kwamba ada ile isingemgusa anayeanza. Ilikuwa na kiwango cha mapato na idadi ya usakinishaji. Watengenezaji walipinga kwa sauti kubwa, kampuni ikalegeza, na Septemba 2024 ikaifuta kabisa. Wengine wanasema, basi yameisha. Mi nasema somo limebaki: mwenye nyumba anaweza kubadilisha masharti ukiwa umeshaweka vitanda ndani. Leseni ya Godot na ya GDevelop ni ya aina ambayo nakala uliyonayo leo haiwezi kunyang'anywa kesho. Kwa mtu aliyewahi kuambiwa kwamba karatasi aliyopewa jana leo haifanyi kazi, hilo si jambo dogo.

Jibu langu kwa kaka ni hili: gemu ya kwanza si kazi. Ni ushahidi kwako mwenyewe kwamba unaweza kuanza kitu na kukimaliza. Ukishamaliza moja, Unity haitakutisha. Mvutano ni ule ule, migongano ni ile ile.

Wageni wakija kutembelea kituo hutusimulia habari za Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda hii hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili afikishe dola 300 za laptopu. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu ya amani iitwayo Salaam, na 2018 akatambuliwa jukwaani kwenye The Game Awards, Los Angeles. Habari ni ya kweli na mi naipenda. Ila wanavyoisimulia, inaishia kwenye "ukitaka utaweza". Mi nasikia zaidi ile miaka mitatu ya mama. Mtu akishalipa gharama kama ile ili kifaa kifike mkononi mwa mtoto wake, basi anayemwelekeza mtoto huyo ana deni la kumchagulia chombo kisichompotezea hata wiki moja. Mi nilimpotezea mtu miezi mitatu.

Hukumu

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniuliza, na wengine wote, nasema hivi.

Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, kaa na Scratch wiki mbili, usizidishe. Jenga mruko mmoja, skrini moja, mlango mmoja wa kutokea. Jumlisha zile namba kwa kalamu.

Baada ya hapo jiulize unataka nini zaidi. Kama hadithi yako ina haraka, au unajua huna muda mrefu hapa, nenda GDevelop na umalize. Usimruhusu mtu akuonee haya kwamba hukuandika msimbo. Kama unataka kuelewa, na unaweza kuvumilia mekundu ya Kiingereza, nenda Godot, uiache skripti ya kiolezo kama ilivyo siku ya kwanza, halafu ubadilishe namba moja moja huku ukiandika kwenye daftari umebadilisha nini. Unity ingoje gemu ya pili au ya tatu, na laptopu yenye nguvu.

Kwako wewe wa jerikeni, najua huko una intaneti na mashine nzuri, na pengine shuleni watakuelekeza kwingine. Sawa tu. Lakini gemu yako haina adui, haina risasi, ina mtu, mlima na maji. Yote hayo ni mistari michache ya Godot: akigusa ardhi kwa kasi kubwa, punguza maji. Piga picha kurasa za daftari uniletee, nikuoneshe pa kuanzia. Na folda ya mradi, kila Ijumaa, inakiliwe mahali pawili.

Kwa walio hapa Nakivale: Scratch, GDevelop, Godot 4 na Godot 3 zote ziko kwenye laptopu ya pili, ile yenye kibodi iliyokosa herufi ya W, ndani ya folda inayoitwa INJINI. Huhitaji mega. Njoo na flashi yenye nafasi ya gigabaiti 2, siku yoyote ambayo jua limewaka.